Kipande: Hati Iliyowafunga Vibarua wa Uasin Gishu

Katika Kenya ya leo kipande ni kitambulisho cha taifa, na mkazi wa Sugoi anayekwenda Eldoret kufungua akaunti ya benki hukitoa mfukoni bila kuwaza kwamba jina hilo limetokana na sheria iliyotungwa mwaka 1915 ili kudhibiti nyendo za wafanyakazi Waafrika.

Sheria hiyo, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 awe na hati yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara na tarehe za kuanza na kuacha kazi, nayo ikahifadhiwa katika kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Makali yake yalikuwa katika saini ya mwajiri, kwa sababu kibarua aliyeondoka kabla ya kutiliwa saini ya kuachishwa kazi alihesabiwa mtoro, akasakwa na polisi na kushtakiwa kama mhalifu.

Uwanda wa Uasin Gishu, ilipo Sugoi, ulikuwa umegawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliowasili mwaka 1908 wakiongozwa na Jansen van Rensburg, na mashamba yao makubwa yalitegemea maskwota, yaani Waafrika walioruhusiwa kuishi, kulima na kuchunga mifugo katika shamba la mlowezi kwa sharti la kumfanyia kazi. Sheria ya mwaka 1918 ilipowataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, kipande kiliongeza kifungo juu ya kifungo.

Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande hadharani, na alipokamatwa Machi 1922 watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Hata hivyo, ilichukua hadi mwaka 1947 kupatikana kwa sheria ya kusajili watu wa rangi zote.

Historia hii inafundisha kwamba kilichowafunga wazee wetu ni mamlaka ya upande mmoja juu ya hati hiyo, wala si karatasi yenyewe. Kwa hiyo kumnyima au kumcheleweshea raia kitambulisho, ambacho raia wengi hukihitaji ili kupiga kura, ni kumrudishia afisa ile saini ambayo zamani ilikuwa ya mlowezi.