Kiini cha wingu

kiini cha wingu nm [ki-/vi-] (wingi: viini vya mawingu)

Maana: (elimu ya nyota) sehemu ndogo, yenye baridi kali na iliyosongamana, ndani ya wingu la gesi na vumbi lililo baina ya nyota, ambamo nyota huzaliwa au hutarajiwa kuzaliwa.

Sifa za kifizikia. Mfano unaojulikana sana ni Barnard 68, katika kundinyota la Hawaa, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 500. Upana wake ni takriban nusu mwaka wa nuru, tungamo lake ni kama mara mbili ya Jua, na halijoto yake ni nyuzi 10 hivi tu juu ya sifuri halisi, yaani karibu −263 Selsiasi. Kwa macho huonekana kama tundu jeusi angani, kwa kuwa vumbi lake huzuia mwanga wa nyota zilizo nyuma. Mwaka 2001 wanaastronomia walipima mwanga wa infraredi unaopenya vumbi hilo, wakaona kwamba shinikizo la gesi na mvutano wa kiini vinakaribia kulingana. Mvutano ukishinda, kiini huporomoka kuelekea katikati, na nyota huanza kuumbika.

Sifa za kikemia. Gesi iliyo nyingi ni hidrojeni, ikifuatiwa na heli. Molekuli za hidrojeni hazitoi mawimbi ya kutosha katika baridi hiyo, hivyo wataalamu hufuatilia molekuli nyingine. Katikati ya kiini, monoksidi ya kaboni huganda juu ya chembe za vumbi na kutoweka katika vipimo, ilhali amonia hubaki katika gesi kwa muda mrefu zaidi. Anayetegemea monoksidi ya kaboni peke yake huweza kudhani kuwa katikati ni patupu, kumbe ndipo penye gesi nyingi kuliko kwingine.

Matumizi. Neno *kiini* peke yake halitoshi, kwa kuwa hutumika pia kwa yai, atomu na Jua. *Kiini cha Jua* kina joto la nyuzi zipatazo milioni 15. Kukichanganya na *kiini cha wingu* ni kugeuza baridi kuwa tanuri. Vilevile yafaa kuepuka *kiini kizito*, kwani *-zito* huelekeza kwenye uzito, si msongamano. Hata *kilichosongamana* ni kwa kulinganisha na mazingira yake tu: sentimita moja ya ujazo ya kiini huwa na molekuli kati ya maelfu na mamilioni, ilhali ile ya hewa ya usawa wa bahari ina zaidi ya trilioni milioni 20.

Mifano: *Nyota changa imejificha ndani ya kiini cha wingu. Viini vya mawingu hayo bado havijaporomoka.*

Linganisha: kiini cha atomu; kiini cha nyota; wingu la molekuli.