Mwandiko Uliokatwa kwenye Shaba

Atazamaye picha ya Azimio la Uhuru la Marekani la mwaka 1776 huvutiwa na mwandiko wake kabla hajasoma neno hata moja. Herufi zimeinama kulia, miviringo imejaa, mstari unanenepa unaposhuka na kukonda kama unywele unapopanda. Sifa zote humwendea karani Timothy Matlack, anayeaminika kuwa ndiye aliyeliandika kwa mkono. Lakini wino wa Matlack umefifia mno, na ngozi aliyoandikia haisomeki vizuri tena. Nakala iliyoenea vitabuni inatokana na bamba la shaba nyekundu alilolinakshi William J. Stone mjini Washington na kulikamilisha mwaka 1823. Nusu ya uzuri tunaousifu ni wa chuma cha Stone, naye hatajwi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwandiko huu wote tangu mwanzo.

Mwaka 1522, mjini Rome, Ludovico degli Arrighi alitoa kijitabu cha kufundisha mwandiko wa Kiitalia, kikapigwa chapa kwa mbao zilizochongwa. Kwenye ubao, mstari ndio unaobaki umeinuka, na sehemu nyingine yote ya ubao hukwanguliwa pembeni yake. Ukiufanya mwembamba sana unakatika. Kwenye shaba mambo yamegeuka: mstari ni mfereji. Waweza kuwa mwembamba kadiri mkono wa fundi unavyoweza. Walimu wa mwandiko walipoligundua hilo mwishoni mwa karne ya 16 hawakurudi nyuma. Mwaka 1605 Jan van den Velde wa Rotterdam alitoa kitabu chake kikubwa, mabamba yakanakshiwa na Simon Frisius, chenye mapambo marefu yanayojizungusha ukurasa mzima bila kukatika.

Kazi yenyewe ilihitaji subira ya ajabu. Bamba lililosuguliwa hadi kung'aa lilipakwa nta nyembamba, kisha karatasi iliyoandikwa ikalazwa juu yake kifudifudi na kusuguliwa mpaka alama zihamie kwenye nta. Fundi alilazimika kukata kila herufi kinyumenyume, kama ionekanavyo kwenye kioo. Kifaa chake kiliitwa burini, kijiti cha chuma kigumu chenye ncha iliyonolewa kwa mshazari, na kitako cha mti kilichokaa kiganjani. Ili kupata mviringo hakuuzungusha mkono; alilizungusha bamba lenyewe juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga, na burini ikabaki karibu pale pale. Alipotaka mstari unenepe alisukuma ncha izame zaidi. Alipotaka ukonde aliiachia ipande. Baadaye wino ulipakwa bamba zima, uso ukafutwa safi, ukabaki ule wa kwenye mifereji tu, na karatasi yenye unyevu ikabanwa kati ya rola mbili kwa nguvu nyingi hadi ikaunyonya.

Hapo ndipo mwandiko ulipobadilika. Kalamu ya mwanzi, ile waliyoitumia waandishi wa pwani yetu kwa herufi za Kiarabu, ina ncha pana, na unene wa mstari hutokana na jinsi ncha ilivyoelekezwa. Unyoya wa bata bukini uliochongwa kwa ncha kali hutii mkandamizo: bonyeza, mstari unatanuka. Burini nayo hutanua mstari kwa kuzama. Mwanafunzi aliyekaa na unyoya wake mbele ya ukurasa uliochapwa alikuwa akiiga umaridadi wa chuma, mstari uliotakata kuliko ambao mwalimu wake aliweza kuuandika, naye akajitahidi mpaka mkono ukaufuata. Naamini mafundi wa shaba waliufundisha ulimwengu kuandika kwa kiasi kile kile walimu walivyoufundisha.

London ndiko mtindo huu ulikokomaa, na sababu ilikuwa biashara. Maduka, bandari na makampuni ya meli yalihitaji makarani wengi wenye mwandiko mmoja unaosomeka upesi, na mwandiko mviringo wa Kiingereza ulikwenda bila kuinua kalamu kila mara. Charles Snell, aliyechapisha kitabu cha kanuni, aliyapinga mapambo yaliyozidi na kutaka herufi zipimwe kwa vipimo. Wengine hawakukubali, nao waliendelea kuchora ndege na samaki kwa mzunguko mmoja wa kalamu.

Aliyekusanya kazi za waandishi wengi pamoja ni mnakshi George Bickham. Kuanzia 1733 hadi 1741 alitoa *The Universal Penman* kwa sehemu 52, jumla ya mabamba 212, kutoka kwa waandishi 25. Joseph Champion peke yake aliandika 47. Kila mmoja alikuwa na mkono wake, lakini burini ilikuwa ya Bickham, na ndiyo iliyoupa mkusanyiko huo sura moja.

Karne iliyofuata viwanda vya Birmingham vilianza kutoa nibu za chuma kwa mamilioni, zenye ncha kali inayotanuka ikibonyezwa, na unyoya ukaachwa. Mwandiko ukaingia madarasani.

Mabamba ya Bickham yana desturi moja inayostahili kuigwa na kila achapishaye nakala za kale. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, yanaonyesha nani aliandika na nani alinakshi.