Uvimbe wa Taya na Mlango wa Jeni

Ukifika Garsen wakati wa gharika, ewe msomaji, utaona nchi tambarare iliyo karibu sawa na bahari, joto jingi, maji yaliyotuama mashambani, na mbu wasiohesabika. Wapokomo walimao kando ya Mto Tana, na Waorma wachungao ng'ombe katika mbuga zake, waijua malaria tangu kale. Lakini ni wachache wajuao kwamba nchi za namna hii zilitoa ufunguo wa habari kubwa katika historia ya utabibu.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baada ya muda mfupi alimwona mwingine huko Jinja. Je, ilikuwa sadfa tu? Burkitt hakuridhika na neno hilo. Mwaka wa 1958 alitangaza habari za uvimbe huo, kisha akazipelekea barua hospitali nyingi za Afrika. Oktoba 1961 yeye na madaktari wenziwe, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu, wakasafiri takribani maili 10,000 kwenda kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ikadhihirika kwamba saratani hiyo hukaa katika nchi za joto na mvua, na huepuka nyanda za juu zenye baridi. Katika Kenya huonekana zaidi kandokando ya Ziwa Victoria na pwani. Mwaka wa 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, wakiwa London, walitangaza virusi walivyoviona katika seli za uvimbe huo. Leo yajulikana kwamba virusi hivyo, pamoja na malaria inayorudiarudia, huutayarishia ugonjwa huu njia mwilini mwa mtoto.

Lakini ni nini kiharibikacho ndani ya seli? Hapa Mto Tana wenyewe utatufundisha. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na Mto Ozi. Mfereji ulikuwa mdogo; lakini mafuriko yaliupanua, hata maji ya Tana yakaiacha njia yake ya kale, yakaingia baharini kwa Kipini. Mkato mdogo uligeuza mto mzima. Ndivyo ilivyo kwa jeni iitwayo MYC, ambayo huiamrisha seli kukua na kugawanyika. Mwaka wa 1982 wataalamu waligundua kwamba, katika uvimbe wa Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni hiyo hukatika, kikaungana na kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, mahali penye jeni za kingamwili zifanyazo kazi bila kuchoka. MYC ikisha kuhamia huko haipumziki tena, na seli huongezeka bila kikomo.

Kila jeni ina mlango wake, uitwao promota, mfano wa lango la mfereji wa kumwagilia shamba: likifunguliwa, jeni hufanya kazi, likifungwa, hutulia. Tangu 1953 twajua kwamba DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Lakini mwaka wa 1962 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA, yaweza kujipanga nne nne. Mwaka wa 2002 Laurence Hurley na wenziwe, huko Arizona, walionyesha kwamba uzi ulio katika promota ya MYC waweza kujikunja kwa namna hiyo ukafanya fundo la pande nne, na kwamba kemikali ilishikayo fundo hilo lisifunguke hupunguza kazi ya jeni. Kwa watoto wa Afrika jambo hili lina uzito wa pekee. Katika saratani yao mkato kwa kawaida hutokea mbali na MYC. Kwa hiyo promota huhama pamoja na jeni yake, na fundo halipotei.

Usidhani, hata hivyo, kwamba dawa iko tayari. Mafundo kama hayo yamo mahali pengi katika DNA, hata katika seli zenye afya, na dawa isiyojua kuchagua yaweza kuyashika yote. Chache zimejaribiwa kwa wagonjwa, lakini hadi sasa hakuna iliyoidhinishwa kuitibu saratani hii kwa njia hiyo.

Wakati huu tungojeapo, dawa za zamani, kama siklofosfamidi ambayo Burkitt mwenyewe aliitumia, huponya watoto wengi wakifikishwa mapema. Shida ni huko kufikishwa. Uvimbe huu hukua upesi ajabu. Huweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tatu. Mzazi adhaniaye kuwa ni jino tu, naye yuko mbali na hospitali, barabara imefunikwa na maji, hupoteza siku zisizorudi. Basi, ewe msomaji, ukimwona mtoto aliyevimba taya au tumbo, au ambaye meno yake yamelegea bila sababu, waambie wakubwa wake wampeleke hospitali leo, wala wasingoje kesho.