Manifoldi: Njia ya Pumzi ya Motokaa

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno moja: manifoldi. Mafundi wa gereji wanalijua. Wengine msiwe na haraka. Neno hili lina historia yake, nayo ndiyo somo letu.

Injini ya petroli huvuta pumzi. Pistoni ikishuka, huvuta hewa. Katika injini yenye kabureta, hewa hiyo hupita kwanza humo, ikachanganyika na petroli, kisha huingia katika manifoldi, yaani mabomba yanayoigawa kwa kila silinda. Njia ikiwa nyembamba, injini haipati pumzi ya kutosha, hata ikiwa kubwa namna gani.

Mwaka 1932, huko Marekani, kiwanda cha Ford kilitoa motokaa yenye injini ya V8, silinda nane zilizopangwa nne kwa nne. Injini kama hiyo zamani ilikuwa ya matajiri. Ford aliiuza kwa watu wa kawaida. Ilikuwa na nguvu za farasi 65. Lakini silinda zote nane zilitegemea kabureta moja yenye koo moja. Fikirini watu wanane wanaochota maji katika kisima kimoja chenye mdomo mwembamba. Mwaka 1934 kiwanda chenyewe kilibadili jambo hili. Kilitia kabureta ya koo mbili na manifoldi ya njia mbili, kila koo ikilisha silinda nne. Nguvu zilikuwa 75 mwaka uliotangulia. Sasa zikawa 85.

Basi kulikuwa na kijana mmoja, Vic Edelbrock, aliyezaliwa mwaka 1913 katika jimbo la Kansas. Duka la wazazi wake liliungua moto, naye akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14 ili asaidie nyumbani. Mwaka 1931 alihamia California, na baadaye akafungua gereji. Mwaka 1938 alinunua Ford ya mwaka 1932. Siku za kazi ilimpeleka kazini. Siku za mapumziko aliipeleka Muroc, ziwa lililokauka, tambarare kama meza, ambako vijana walishindana kwa mbio.

Alijaribu manifoldi ya rafiki yake, Tommy Thickstun, lakini hakuridhika. Akabuni yake mwenyewe, ya alumini, yenye nafasi ya kabureta mbili. Wenzake walipoona jinsi gari lake linavyokimbia, wakaitaka. Akatengeneza kama 100 hivi. Vita vikaja, mbio zikasimama. Mwaka 1946 alitoa orodha yake ya kwanza ya vyombo vya kuuza, na kazi ya gereji ikawa kazi ya kiwanda. Alifariki mwaka 1962.

Sasa, kuifunga manifoldi hiyo si kazi ya kukaza bolti tu. Katika Ford V8 ya miaka ile manifoldi ilikaa katikati ya safu mbili za silinda, ikifunika chumba cha valvu. Tena ilibeba dainamo mbele na pampu ya petroli nyuma. Fundi akiinua ile ya zamani, tumbo la injini limekuwa wazi. Nati moja ikianguka humo, hasara yake ni kubwa kuliko faida yote aliyoitazamia. Kwa hiyo huziba matundu kwa vitambaa safi. (Avihesabu vitambaa! Kuna waliosahau kimoja ndani.) Halafu hukwangua gasketi ya zamani mpaka chuma king'ae, huweka gasketi mpya, na kukaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, kwa zamu. Akikaza upande mmoja mpaka mwisho kabla ya mwingine, manifoldi itapinda, na hewa itapenya mahali isipotakiwa. Injini itatetemeka ikiwa imesimama, na itapata joto kupita kiasi kwa kukosa petroli ya kutosha katika hewa hiyo.

Kisha kabureta mbili lazima zifunguke pamoja. Moja ikitangulia, silinda nyingine zinashiba na nyingine zinalala njaa. Tena zote mbili hunywa petroli, jambo ambalo wauzaji hawakupenda kulitaja kwa sauti kubwa. Kwa mtu wa mbio za Muroc halikuwa neno. Kwa mtu aliyepeleka maziwa sokoni kila asubuhi, nadhani manifoldi ya kiwanda ilimfaa zaidi.

Mwalimu, sasa zima redio. Waulize wanafunzi: kwa nini bolti za katikati hukazwa kwanza? Kila mmoja aandike jibu lake kwa sentensi mbili.