Ukungu, Jasho na Kuvu: Msamiati wa Tangi la Dizeli

Vitabu vya matrekta kutoka Ulaya na Marekani havikosi sura ya mafuta wakati wa baridi. Mfasiri akiifikia sura hiyo hukimbilia neno moja: kuganda. Neno si baya, ila linaruka hatua. Ndani ya dizeli mna nta. Baridi ikizidi, nta hujitenga katika chembe ndogo, na mafuta yaliyokuwa maangavu hufifia. Bado yanamiminika, lakini chembe zimeshaanza kuziba filta. Baridi ikiendelea ndipo yanapoganda, kama mafuta ya nazi kwenye chupa. Hatua ile ya kwanza ningeiita ukungu: dizeli imeingia ukungu. Nchi za theluji huikwepa kwa kuuza dizeli maalumu ya majira ya baridi.

Hapa Port Victoria, Busia, Kenya, karibu na pale Mto Nzoia unapoingia Ziwa Victoria, ukungu huo haupo. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na usiku wa mwambao huu hauna baridi ya kuitenga nta. Dereva wa trekta katika mashamba ya mpunga ya Bunyala anaweza kuiruka sura nzima.

Asiiruke. Upoe wa usiku una madhara yake huku. Tangi likibaki nusu, nafasi iliyo juu ya mafuta hujaa hewa ya ziwani yenye mvuke. Usiku bati linapopoa, mvuke hugeuka matone kwenye kuta za ndani. Maji ni mazito kuliko dizeli, basi huteremka na kutuama chini. Hili nalo lipewe jina: jasho la tangi. Dereva atalielewa bila kufafanuliwa, na tiba yake ni fupi: jaza tangi jioni baada ya kazi, si asubuhi kabla yake.

Jasho likikaa, huzaa. Kinga mafuta ya chini ya tangi kwenye chupa nyeupe, uiache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na katikati huenda ukaona utando wa kahawia unaoteleza kama kamasi. Huo ni uhai: bakteria na kuvu wanaoishi penye mpaka wa maji na mafuta na kula mafuta yenyewe. Kuvu mmoja, Hormoconis resinae, anajulikana sana kwa kuchafua matangi ya ndege.

Hapo ndipo istilahi inapotukamata. Kwa Kiswahili, ukungu ni ule unaofunika ziwa alfajiri, na pia ni ule unaoota kwenye mkate. Kitabu kikiandika tu kwamba "dizeli imepata ukungu", msomaji afanye nini? Ukungu wa nta huondoka kwa joto. Ule wa pili hauondoki kwa joto. Lazima maji yamwagwe, tangi lisafishwe na filta ibadilishwe. Kwa hiyo tugawe kazi: ukungu uwe wa nta, kuvu awe wa kiumbe, na mashapo yabaki kuwa kutu na udongo uliozama.

Kuna mtego mwingine. Vitabu vya zamani vya nchi za baridi huruhusu kuongeza mafuta ya taa ili dizeli isigande. Ukiyatafsiri hayo neno kwa neno kwa msomaji wa Busia, umemfundisha kuchakachua. Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, kusudi kukomesha mchanganyiko huo.

Basi anayetayarisha mwongozo wa trekta kwa wakulima wa ziwani aifupishe sura ya baridi iwe aya moja, kisha aandike sura mpya ya maji: tangi lijazwe jioni, pipa lilazwe kivulini vifuniko vyake viwili vikiwa usawa mmoja, na maji ya chini yatolewe kabla injini haijawashwa.