Taifa kabla ya bendera

Zamani mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, akiulizwa ni mtu wa taifa gani, hakutaja nchi. Alisema yeye ni Mkilindini, au Mjomvu, au Mmtwapa. Neno ambalo leo likitajwa kwenye wimbo tunasimama wima, kisiwani humo lilikuwa na upana wa mji mmoja, na pengine mji wenyewe ulishahamwa ukabaki magofu.

Wenyeji hao waliitwa Thenashara Taifa, kwa maana ya mataifa 12. Yaligawanyika mafungu mawili. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wapaza, Washaka, Wakatwa na Wagunya, hawa wa mwisho ndio Wabajuni. Tatu Taifa ni Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Majina hayo, takriban yote, ni ya mahali. Pate na Paza, yaani Faza, ni miji ya kisiwa cha Pate, kule Lamu. Shaka ilikuwa karibu na Kipini, Mto Tana unakoingilia baharini. Mtwapa ya kale ipo mpaka leo kando ya mkono wa bahari, kuta za mawe na msikiti ndani ya miti.

Kwa hiyo taifa halikuwa ukoo, ingawa vitabu vingi vimeliweka kwenye ngazi ileile ya familia, ukoo, kabila, hadi juu. Udugu wa damu ulikuwa ndani yake, kwenye mbari na milango, ambako mtu aliweza kutaja babu kwa babu. Taifa lenyewe halikudai babu mmoja. Lilidai asili ya mji mmoja, wazee wake, na nafasi yake inayojulikana katika mambo ya Mombasa. Watu waliohama pamoja wakaendelea kuitana kwa jina la walikotoka, hata wajukuu ambao hawakuwahi kukanyaga huko.

Asili ya neno ni Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa tawafu, kule kuizunguka Al-Kaaba. Kwa Waarabu taifa ni kundi, sehemu ya watu walio wengi zaidi. Katika Sura ya Al-Hujurat linatumika kwa makundi mawili ya waumini yanayopigana. Cairo ya enzi za Waturuki, mafundi wa kazi moja walikuwa taifa lao. Nchini Lebanon hadi leo ni jina la jumuiya ya dini, na viti vya bunge hugawanywa kwa hesabu hiyo. Hispania nako, dola ya Cordoba ilipovunjika mwaka 1031, vijifalme vilivyozuka vikaitwa kwa jina hilohilo. Hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo ambapo neno lilidai ukubwa. Lilidai upande.

Na upande ndio uliokuwa siasa ya Mombasa. Kila fungu lilikuwa na mkuu wake, tamimu, na mtawala yeyote wa Ngome ya Yesu alilazimika kuwa na masikilizano nao. Ukoo wa Wamazrui ulitawala mji kwa kupatana na mafungu yote mawili. Walipoanza kugombania urithi wenyewe kwa wenyewe, baadhi ya wakubwa wa Tatu Taifa wakaelekea kwa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, naye akauchukua mji mwaka 1837. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu kwa mizinga peke yake akashindwa.

Waingereza walileta madaftari. Kwenye karatasi zao Thenashara Taifa wakaandikwa makabila, neno lilelile la Wakamba na Wakikuyu, kisha wakahesabiwa wenyeji wa kulipa kodi ya kichwa, huku majirani zao Waarabu, waliooana nao vizazi na vizazi, wakiwekwa daraja nyingine. Malalamiko yalidumu miaka mingi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo neno kabila lilipoanza kulisukuma taifa nje ya kazi yake ya zamani.

Nalo likapata kazi nyingine. Watafsiri wa Biblia walishalitumia wingi wake kwa wasio Wayahudi, watu wa mataifa. Siasa za uhuru zikalipandisha cheo. Mwaka 1959 Aga Khan alinunua gazeti la Kiswahili mjini Nairobi lililoitwa Taifa, na kutoka hapo ikakua kampuni nzima ya Nation. Siku hizi tuna timu ya taifa, hifadhi ya taifa na Umoja wa Mataifa.

Maana ya Mombasa inastahili mstari wake katika kamusi zetu, tena mstari wa kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia. Majina yenyewe hayajafutika. Kaunti ya Mombasa ina majimbo sita ya ubunge, na matatu kati yake, Mvita, Changamwe na Jomvu, yanaitwa kwa majina ya Thenashara Taifa.