Kufua Dafu Katika Nchi Isiyo na Minazi

Kila lugha hupima mafanikio kwa mizani ya kazi za wenyeji wake. Waingereza, ambao kwa karne nyingi riziki yao na vita vyao vilikuwa baharini, humsifu aliyefaulu mtihani kwa kusema kwamba amepita bendera zake zikipepea. Merikebu iliyoshinda vita ilirudi bandarini na bendera zake mlingotini. Iliyosalimu amri ilizishusha. Waswahili nao ni watu wa bahari, lakini msemo wao mashuhuri juu ya jambo hili haukutoka chomboni, bali ulitoka chini ya mnazi. Mtu aliyeshindwa kufikia shabaha yake, au aliyepambana na mkubwa kuliko yeye akaelemewa, husemwa kwamba hakufua dafu.

Maana yake yafahamika vema na mtu aliyeiona kazi yenyewe. Nazi iliyokomaa na kukauka hufuliwa kwa kifuo, yaani mti au chuma chenye ncha kilichosimikwa ardhini. Mfuaji huipiga nazi juu ya ncha ile, akaipinda, na makumbi yakabanduka. Dafu si hivyo. Makumbi yake bado ni mabichi, yamejaa maji, na nyuzi zake zimeshikamana. Kwa hiyo watu hulikata kwa panga. Anayetaka kulifua kama nazi kavu amejitwika kazi ngumu, hata kama mikono yake ni hodari.

Katika mazungumzo ya kila siku msemo huu hupenda kukanusha au kuuliza. Watu husema, "Alijitahidi sana katika hesabu, lakini hakufua dafu", au, "Duka lake dogo halifui dafu mbele ya yale ya matajiri", au, "Je, safari hii utafua dafu?" Ni nadra kumsikia mtu akijisifu kwamba amefua dafu. Basi huu ni msemo wa mafanikio unaotamkwa zaidi na wale wanaotazama kushindwa kwa mwingine.

Msemo huo wa pwani leo husikika Songea, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako mnazi haustawi. Wangoni walifika huko katika karne ya 19, baada ya safari ndefu kutoka Afrika ya Kusini. Kundi kubwa la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835. Walikuja na lugha yao na misemo yao ya watu wa ng'ombe na vita. Kiswahili kiliwafuata kwa njia ya misafara iliyotoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa, iliyobeba nguo na bunduki na kurudi na pembe za ndovu na watumwa. Wajerumani walipojenga boma Songea mwaka 1897, waliendesha kazi za serikali kwa Kiswahili. Baadaye shule, majeshi na masoko yakaimaliza kazi hiyo. Hivyo mtu wa Songea ambaye hajaliona dafu likifuliwa huweza kuutumia msemo huo bila kukosea hata kidogo.

Lakini neno lililosafiri mbali na asili yake huweza kutua mahali pazito. Mwezi wa Julai 1905 watu wa vilima vya Umatumbi, waliochoshwa na kazi ya lazima katika mashamba ya pamba, walianzisha vita dhidi ya Wajerumani. Walikuwa wamepokea maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yaliyoaminiwa kuwa yatazuia risasi. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile mapema mwezi wa Agosti, lakini maji yale yaliendelea kusafiri hata yakafika Ungoni, na Wangoni wakaingia vitani mwezi wa Septemba. Silaha zao hazikuweza kushindana na bunduki za mzinga, na Oktoba kambi yao ilishambuliwa kwa ghafula. Mtawala Chabruma wa Mshope alikimbilia ng'ambo ya mto Ruvuma, akafia ugenini. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa zaidi ya 60 walinyongwa Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Maghala na mashamba yalichomwa, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wajerumani walikadiria vifo kuwa 75,000 katika nchi yote iliyopigana; mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kuwa vilifika 250,000 hadi 300,000.

Je, yafaa kusemwa kwamba Wangoni hawakufua dafu mbele ya Wajerumani? Kwa habari ya mapigano, sentensi hiyo ni ya kweli. Ila ukweli wake una kasoro, kwa sababu msemo huo humtazama mfuaji peke yake. Haumtaji aliyemlazimisha kufua, wala hausemi kwamba mmoja alipewa kifuo na mwingine akaachiwa mikono mitupu. Tena huihukumu kazi siku ile ile ilipofanywa, na historia haihukumu kwa haraka hivyo. Baada ya vita mpango wa pamba ya kulazimishwa uliachwa. Mwaka 1956 Julius Nyerere, akihutubia Umoja wa Mataifa huko New York, aliikumbusha dunia vita vya Maji Maji kuwa ushahidi kwamba watu wa Tanganyika hawakukubali kamwe haki ya wageni ya kuwatawala. Mwaka 1961 nchi ilipata uhuru. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya wajukuu wa walionyongwa, akaomba msamaha, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano.

Hayo hayamaanishi kwamba kushindwa kugeuzwe kuitwa ushindi. Waliokufa kwa njaa hawakufufuliwa na hotuba, na maji hayakuzuia risasi. Kinachotakiwa ni kupima maneno. Songea wana uwanja wa mpira na timu viitwavyo Majimaji. Mshabiki akisema jioni kwamba Majimaji leo hawakufua dafu, hakuna aliyedhulumiwa, maana mchezo huisha kwa kipenga na wiki ijayo kuna mwingine. Mwalimu wa historia akiyatamka maneno hayo hayo darasani juu ya mwaka 1906, hana budi kuongeza sentensi ya pili: dafu lilikuwa la nani, nani alikishika kifuo, na mfuaji alikuwa akidai nini. Akiikosa sentensi hiyo, mtoto wa Songea atajifunza kwamba babu yake alikuwa dhaifu, kumbe alipaswa kujifunza kwamba alidhulumiwa, naye akakataa.